Ufutio wa Shangazi

9 Februari

Mwanangu Mwalimu,

Marahaba, hata kabla hujaniamkia. Huku tu wazima. Baba yako hajambo, ila masikio yameanza kumkimbia na redio ndiyo inayobeba lawama: mpira ukichezwa, mtaa mzima unajua matokeo bila kuuliza. Filimbi yake ya urefa bado anaivaa shingoni, sijui anamsubiri nani acheze rafu sebuleni. Mimi ni goti tu, linalalamika nikipiga deki wodi namba tatu.

Bahasha yako imefika na mitihani yote mitatu ya majaribio. Nimefanya wa kwanza Jumapili, pale mezani, baba yako nikamtoa nje na redio yake. Dakika tisini kwa saa ya ukutani, kama ulivyoagiza, hata moja haikuzidi. Kisha nikafungua ile bahasha ndogo ya majibu nikajisahihisha. Nimepata ishirini na nane kwa hamsini.

Mwaka jana aliyeingia chuo cha uuguzi wa mwisho kabisa alikuwa na thelathini na sita. Nimeulizia. Na fomu inasema mwisho miaka arobaini na mitano, nami Novemba natimiza arobaini na sita. Kwa hiyo ni mtihani wa Agosti hii, au nife na fagio mkononi. Kazini wameshajua. Walikuwa wakiniita Bi Sabuni, sasa ni Nesi Mtarajiwa, na wanacheka kabla sijageuka.

Haya, Mwalimu. Fundisha.

Shangazi yako, mwenye goti


20 Februari

Shangazi yangu,

Shikamoo. Nashukuru kusikia mko salama. Mwambie baba apunguze redio, asije akawaua majirani kabla ya masikio yake. Mimi sijambo. Mume wangu anaendelea na lile kabati alilolianza mwaka juzi, sasa lina milango lakini halina mgongo. Darasa langu lina wanafunzi sitini na wanane na madawati ya arobaini.

Ishirini na nane si mbaya kwa kuanzia. Lakini umenipa jumla tu, nami sijui maswali uliyoyakosa ni yapi. Nikikisia, ni hesabu. Huwa zinakaa ukurasa wa nne, mwisho kabisa, na ndizo zinazowaangusha watu wazima waliokaa mbali na shule. Kwa hiyo nimekuandikia masomo kumi ya uwiano, sehemu na asilimia. Yafanye yote, ndipo ujaribu mtihani wa pili. Na safari hii niandikie ulikosa wapi, siyo ulipata ngapi.

Wako akupendaye


24 Machi

Mwalimu,

Marahaba. Samahani kwa kukawia, wodini tulikuwa na wagonjwa wawili kitanda kimoja na mashuka hayakauki. Baba yako ameanguka bafuni lakini hakuvunjika kitu, alianguka juu ya ndoo, nayo ndiyo iliyovunjika.

Masomo yako kumi nimeyafanya. Sikukosa hata moja. Mwanangu, mimi nina miaka kumi na tisa ya kuchanganya dawa ya sakafu, sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji, na siku ile waliyoleta pipa kubwa ni mimi niliyewapigia hesabu upya, siyo nesi mkuu. Uwiano unanijua.

Mtihani wa pili nimepata ishirini na tisa.

Umeniuliza nilikosa wapi. Nilikosa nilipokosa. Mtu mzima hasomewi makosa yake moja moja kama orodha ya nguo za dobi. Nitumie masomo mengine, nitafanya.

Shangazi


2 Aprili

Shangazi yangu mpenzi,

Shikamoo, na pole kwa ndoo. Baba mpe pole yangu pia, ukishampa ya kwako, kama utampa.

Sasa naomba unisikilize kwa heshima zangu zote. Unasema hesabu hukosi hata moja. Unasema umepata ishirini na tisa. Hayo mawili hayakai chumba kimoja. Ama hesabu unazikosa na hutaki kusema, ama kuna jambo jingine linalokula alama ishirini na moja, nami silijui, kwa sababu hutaki kusema. Nimekuandikia masomo kumi nikisahihisha madaftari sitini na manane kwa mkono mwingine, na pengine nilikuwa nakutibu jino wakati unaumwa tumbo. Huko wodini kwenu dawa hutolewa hivyo?

Mficha maradhi kifo humuumbua. Nitumie karatasi zenyewe, zile ulizoandika. Sitaki jumla tena. Jumla ni kama mtu kuniambia nyumba ina watu watano halafu anitake niwajue kwa sura.

Mwanao, aliyechoka kidogo


5 Mei

Mwanangu,

Marahaba. Huku heri. Nesi mkuu amejifungua mtoto wa kike na wote tumechangia beseni.

Karatasi hizo hapo, umezitaka umezipata.

Shangazi


12 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Hongera kwa nesi mkuu.

Nimefungua bahasha ofisi ya walimu wakati wa mapumziko, kwa hamu. Nimekuta kurasa nne za wino wa bluu, mwandiko uliolala upande mmoja, mistari imepigwa kwa rula, na majibu hamsini sahihi kati ya hamsini. Mwenzangu wa dawati la pili amedhani ni kadi ya mwaliko, ameniuliza harusi ni lini.

Shangazi, hii siyo karatasi ya mtihani. Umenakili upya. Umeketi, baada ya kusoma majibu, ukaniandikia mtihani uliopigwa pasi. Makosa yako ishirini na moja yako wapi? Ndiyo ninayoyahitaji. Uliyoyapata umeshayapata, hayana kazi kwangu. Kosa ndilo linaloniambia wiki ijayo nikufundishe nini.

Zimebaki wiki kumi na tano. Nitumie ile karatasi ya kwanza, ya penseli, hata kama imemwagikiwa chai. Ikiwa imemwagikiwa chai nitafurahi zaidi.

Mwanao


9 Juni

Mwalimu,

Marahaba.

Hiyo ndiyo ya penseli, mtihani wa pili. Nimeifuta kidogo palipokuwa na uchafu. Sikukulea uchafuni, na mimi sitaanza kutuma uchafu kwa posta uzeeni. Daftari ni uso wa mtu. Hilo nilikufundisha hujafika hata begani kwangu kwa urefu.

Baba yako anakusalimu. Anasema nimekuwa mkali. Nimemwambia arudi kwenye redio yake.

Shangazi


15 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Hatujambo. Kabati limepata mgongo, sasa halisimami.

Karatasi yako nimeiweka juu ya kioo cha dirisha la ofisi ya walimu, jua likiwa nyuma yake. Nikuambie nilichokiona. Ukurasa wa kwanza umefutwa mpaka karatasi imekuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Kuna jibu moja umelifuta mara tatu, na mara zote tatu lilikuwa sahihi, ila herufi hazikulingana. Ukurasa wa pili vilevile. Ukurasa wa tatu umefutwa mpaka swali la thelathini na mbili. Baada ya hapo, mwanga haupiti. Karatasi ni nzito, laini, mpya. Ukurasa wa nne haujaguswa na penseli wala ufutio.

Hukukosa hesabu, Shangazi. Hukuzifikia. Ulitumia dakika tisini kupamba maswali thelathini na mawili, kengele ikalia. Halafu ukanyamaza. Ukaniacha nikuandikie uwiano na asilimia miezi minne. Miezi minne. Ungeandika mstari mmoja tu, "sikumaliza", tungekuwa tumeshavuka. Nimekaa pale dirishani nikitaka kulia kwa hasira, na mwalimu mkuu akaniuliza kama nimefiwa.

Na kwa kuwa leo nasema, acha niseme lote. Daftari ni uso wa mtu, ndiyo. Nilikuwa na miaka tisa. Mimi na baba tulikuwa tumehamia kwako miezi miwili, tangu tumzike mama. Niliandika insha ya "Nyumbani Kwetu", ikawa na mikato, maneno niliyoyapiga mstari, ukaichana mbele yangu ukaniambia niandike safi. Niliandika safi. Mpaka leo nikikosea neno ubaoni nafuta ubao mzima, na wanafunzi wangu wanacheka. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Lakini sikujua kwamba na wewe mwenyewe unajichana hivyo.

Ukikasirika, kasirika. Lakini usinyamaze.

Mwanao


20 Julai

Mwanangu,

Marahaba. Nimenyamaza mwezi mzima na siku tano. Kila nikianza barua baba yako anauliza, "Umemjibu mtoto?" na mimi namjibu kwamba mtoto ana miaka thelathini na minne na mdomo wa hamsini.

Ni kweli sikumaliza. Wa kwanza sikumaliza, wa pili sikumaliza. Niliona aibu. Mtu anayeshindwa anaweza kusema swali lilikuwa gumu, lakini mtu asiyemaliza atasema nini? Kwamba ni mzee? Hilo ndilo wanalolisema wodini kila siku, sikutaka lifike kwako kwa mwandiko wangu. Nikaona heri uniite mjinga wa hesabu kuliko uniite mzee. Sasa umeniita vyote.

Baba yako ndiye aliyeiona rafu yangu. Alisimama nyuma yangu nikijaribu maswali machache akasema, "Dada, wewe unafuta kuliko unavyoandika." Kisha akaenda na ufutio mfukoni. Jumamosi amenisimamia mtihani wa tatu. Alinipa kalamu ya wino badala ya penseli, akatoa saa ukutani akaishika mapajani, na kila dakika ya ishirini na mbili akapuliza filimbi nifungue ukurasa mwingine, nimalize nisimalize. Jirani wa kulia alifikiri kuna moto. Nilikata neno la kwanza nikapapasa meza nikitafuta ufutio, sikutanii. Nilipokata la kumi nikazoea. Nimefika swali la hamsini kabla ya filimbi ya mwisho, mara ya kwanza. Thelathini na tisa.

Karatasi ni hiyo, sijaigusa. Inatisha. Usimwonyeshe yule mwenzako wa dawati la pili.

Ndani ya bahasha utakuta na ufutio wangu. Ukibaki nyumba hii nitautafuta tu, najijua. Ukae nao.

Insha yako naikumbuka. Hilo siliwezi leo.

Shangazi


28 Julai

Shangazi yangu,

Shikamoo, shikamoo tena. Karatasi yako nimeibandika ukutani juu ya meza yangu. Ndiyo karatasi nzuri kuliko zote nilizopata kusahihisha tangu nianze kazi, na inafanana na mahali kuku walipopigana.

Sasa tunaweza kufanya kazi. Hesabu kumi na moja kati ya kumi na mbili, samahani kwa yale masomo. Una makosa kumi na moja kwa jumla, na nimeyaandika yote kwenye kipande cha karatasi, moja chini ya jingine, nikayatazama mpaka chai ikapoa. Mawili ni ya haraka tu. Tisa yaliyobaki yote yako ukurasa wa tatu, maswali ya kumhudumia mgonjwa, na hayo tisa ni kosa moja.

Swali la ishirini na nane: mgonjwa ameanguka sakafuni, utafanya nini kwanza? Umejibu: namwita nesi. Swali la thelathini: jeraha limeanza kuvuja damu upya. Namwita nesi. La thelathini na tatu: mgonjwa anapumua kwa shida. Umeandika, "Namwita nesi haraka." Mara tisa, Shangazi. Nilicheka mpaka la nne, la tano nikaacha.

Miaka kumi na tisa umekatazwa kumgusa mgonjwa. Umesimama na ndoo ukitazama, na najua umeona kila kinachofanywa, kwa sababu ulikuwa ukinisimulia jioni nikiwa sekondari, hatua kwa hatua. Majibu unayo. Ila kalamu yako bado imevaa sare ya deki. Kwa hiyo zoezi langu ni hili tu: kila swali, kabla ya kujibu, jiambie kwamba nesi ameshaitwa, amefika, na ni wewe. Sasa unafanya nini?

Nakutumia maswali arobaini ya aina hiyo. Kata ovyo, andika juu, andika pembeni. Usifute, hata ukipata ufutio wa kuazima.

Mwanao


22 Septemba

Mwanangu Mwalimu,

Marahaba. Baba yako hajambo, tumempeleka kuoshwa masikio, sasa anasema sisi ndio tunaopiga kelele. Umeniambia nisinyamaze nami nimenyamaza tena, lakini safari hii nilikuwa nangoja niwe na la kusema.

Mtihani ulikuwa ukumbi mkubwa, madawati yaliyochongwa majina ya watu. Kushoto kwangu msichana wa umri wa kuzaliwa na mimi, ana penseli tatu na ufutio mpya wenye harufu ya matunda. Niliutazama nikameza mate. Filimbi haikuwepo, nikaisikia tu kichwani. Ukurasa wa tatu swali la kwanza lilikuwa lile lile, mgonjwa ameanguka. Mkono wangu ukaandika "Namwi". Nikasimama hapo. Nikalikata kwa mstari mmoja, nikaandika pembeni, "Napiga magoti karibu naye, namsemesha, naangalia kama anapumua." Nilitoa karatasi iliyochafuka kuliko zote ukumbini, na yule msimamizi aliishika kwa vidole viwili.

Jana wamebandika majina ubaoni. Wamechukua arobaini, mimi ni wa thelathini na tisa. Nilisoma kuanzia juu, na nilipofika thelathini na nane nikaanza kusoma kwa kidole. Wodini leo hakuna aliyecheka. Nesi mkuu amenipa mkono, nikajikuta nafuta wangu kwenye aproni kwanza.

Sasa insha yako.

Hukuwa mchafu. Mikato ilikuwa miwili tu, nakumbuka mpaka ilipokaa. Uliandika, "Nyumbani kwetu tunaishi mimi, baba na mama." Ukakata mama, ukaandika juu yake shangazi. Kisha ukamkata shangazi, ukaandika tena mama, kwa nguvu mpaka penseli ikatoboa. Mimi niliona nimekatwa. Miezi miwili nakupikia, nakuosha nywele, nalala sakafuni ili wewe ulale kitandani, na nimekatwa. Nikaichana, nikasingizia uchafu. Kila mtu akiniuliza mbona mkali na madaftari nilisema usafi, usafi, mpaka nikaamini mwenyewe.

Nakala safi uliandika shangazi. Mwalimu wako akakupa kumi kwa kumi, na mimi nikafurahi, Mungu anisamehe, nikaionyesha mtaani. Lakini jibu lako halikuwa lile. Jibu lako lilikuwa kwenye ile niliyoichana, nami nililisoma nikalielewa siku ile ile.

Barua hii ina mikato sita. Nilitaka kuinakili kabla ya kuituma, nikakumbuka ufutio uko kwako. Usinirudishie.

Shangazi yako